Fundi wa waya pale Luthuli: nilimpelekea gari ya rimoti, hivi ndivyo alivyoifanya

Kama uko na gari ya rimoti ya betri, ile ya saizi ya 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari ya kweli) si ile ya mtoto ya supamaketi, na umenunua mota mpya ama spidi kontrola mpya (kile kidude cha kudhibiti umeme unaoenda kwa mota) na saa hii uko hapo umeshika playa unaangalia waya, tafadhali weka playa chini kwanza usome hii. Nimemaliza mwezi mzima na hii mambo na nataka mtu mwingine asipitie yenye nilipitia.

Iko hivi. Mwaka jana nilinunua trak ya mkono wa pili, fowili, mota ya brashi, ikakuja na betri ya NiMH, ile aina ya zamani, ya volti 7.2 na ile plagi nyeupe ya plastiki ya Tamiya. Ilikuwa inatembea sawa tu lakini pole sana kwa vumbi, kwa hivyo nikaweka pesa kidogo kidogo hadi nikapata mota ya saizi ya 550, spidi kontrola ya Hobbywing QuicRun 1060, na betri ya LiPo (lithiamu polima) ya 2S, yaani seli mbili, volti 7.4, mAh 5000. Vitu vizuri kabisa. Sasa pesa ikawa imeisha kwa hivyo sikutafuta fundi anayejua hizi gari, nikapeleka kwa jamaa wa kutengeneza redio karibu na stegi yetu huku mtaani, akaniambia hiyo ni kazi ya dakika 20. Na alimaliza na dakika 20 kweli. Alisokota waya kwa waya, akafunga tepu nyeusi, akaacha ile plagi nyeupe ya zamani, alafu waya zenye zilibaki akazikunja akazisukuma chini ya kifuniko cha gia ndio bodi ikae.

Tukaenda uwanjani na mtoto wa dada yangu, ako na miaka 14, hii gari enyewe ni yetu wawili. Dakika kama nane hivi gari ikaanza kukata moto, yaani umeme, na kurudisha, usukani unatetemeka wenyewe hata bila kuguswa, alafu tukanusa plastiki inaungua. Nikakimbia kuchomoa betri, plagi haitoki, imeyeyuka imeshikana na imegeuka rangi ya chai. Nilivuta hadi nikafaulu lakini mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu LiPo ikipigwa shoti inafura na inaweza kulipuka moto, na nyasi ilikuwa kavu na kijana amesimama hapo karibu yangu. Tulipofungua nyumbani tukapata ile tepu imelainika gundi inatiririka, na waya moja nyekundu imetafunwa na gia hadi nyuzi za shaba ziko nje. Milimita mbili hivi kando yake ndio ilikuwa nyeusi.

Kitu moja nilitambua usiku huo na bado naamini: mota haikuwa na shida, kontrola haikuwa na shida, betri pia. Vitu vyote vipya vilikuwa vizima. Kilichoharibu ni venye viliunganishwa.

Sasa kuhusu huyu fundi. Niliambiwa na mzee mmoja tunakutana naye uwanjani Jumapili, ako na gari ya zamani sana na sijawahi kuiona ikikwama. Akasema enda Luthuli Avenue, hapa Nairobi, panda orofa ya pili, uliza auntie wa waya. Hakuna ubao wowote wa jina. Ukitoka Tom Mboya Street ukashuka Luthuli kuelekea River Road, utapita maduka ya spika yamepiga muziki hadi hausikii simu yako, alafu kuna ngazi nyembamba kati ya duka la TV na la spea za simu, hapo ndio unapanda. Kutembea pale kumekuwa rahisi kiasi tangu barabara ifanywe ya njia moja 2019 na sehemu ya watu kupita ikapanuliwa, zamani ungesukumana na mkokoteni na matatu kwa wakati mmoja. Chumba chake ni kidogo, anagawana na kijana wa kurekebisha amplifaya. Ako na meza ya mbao, taa yenye lenzi, mita mbili, pasi ya solda ile ya kuchagua joto, na kikopo cha nyuzi za shaba cha kusafishia ncha. Meza ni safi, na hiyo kwangu ilikuwa dalili ya kwanza.

Nilimsalimia nikaweka gari mezani nikaanza kueleza, akanisikiza hadi mwisho, hakushika playa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Betri iko wapi?" Nikamwambia nimeiacha nyumbani. Akasema, "Basi bosi, leo hatufanyi kitu. Siwezi kukuwekea plagi ya betri sijaiona." Niliskia vibaya kidogo kwa sababu nimetoka mtaa wa Umoja kwa jua, lakini nikarudi kesho yake na betri, na kijana nikamletea pia aone.

Betri aliishika kwanza kwa vidole kuangalia kama imefura, alafu akapima kila seli kupitia ile plagi ndogo ya balansi yenye waya ya kila seli. Moja ilisoma 3.91 na nyingine 3.90. Akasema imepona, ingekuwa moja iko chini sana kuliko mwenzake angenishauri niitoe kabisa. Akamweleza kijana pole pole kwamba seli moja ikijaa ni volti 4.2, kwa hivyo hii ya seli mbili ikijaa ni 8.4, na isishuke chini ya volti 3 kwa kila seli, na ukiiweka wiki bila kutumia iache kwa 3.8 hivi. Mimi nilikuwa naiweka ikiwa imejaa kabisa mwezi mzima juu ya kabati. Hiyo nimeacha.

Alafu akasema nitoe simu nipige picha. Kabla hajafungua screw yoyote. Picha ya juu, ya kando, ya karibu pale waya zinaingia kwa mota, zile zinaingia kwa risiva (kidude cha kupokea mawimbi ya rimoti), na swichi. "Picha zikae kwa simu yako si yangu, siku ukifungua mwenyewe utajua kila kitu kilikaa wapi." Akakata vipande vidogo vya tepu za rangi akaweka alama kwa kila waya kabla ya kuitoa. Nimeona mafundi wengi wakivuta waya zote mara moja alafu wanaanza kukisia. Huyu alitumia karibu nusu saa kabla hata pasi haijawashwa na kwa hiyo nusu saa peke yake ningemlipa.

Tukafika kwa plagi. Alichukua ile yangu iliyoyeyuka akaipasua na kisu akatuonyesha vile vyuma vya ndani, ni vipande vyembamba vya bati vimekunjwa, vinashikana kwa sehemu kidogo tu. Mota ya 550 ikisukuma gari kwa mlima ama matope inaweza kuvuta ampea 30 na zaidi, na hiyo plagi haikutengenezwa kwa moto kama huo, mahali penye vyuma vimegusana kidogo ndipo joto linajaa, plastiki inalainika, vyuma vinaachana zaidi, joto linaongezeka tena. Nilikuwa nimebeba plagi za T nikidhani ndizo bora. Akasema zile za T ni nzuri zikiwa za ukweli lakini nyingi zinazouzwa hapa ni za kuigwa, spring yake inalegea mapema, na kuzishika kwa mkono wa mtoto ni shida. Yeye anapendelea XT60, hiyo 60 ni ampea, na imeandikwa + na − kwa mwili wake kwa hivyo ni ngumu kukosea. Tatizo hakuwa nazo. Ilibidi nishuke mwenyewe nizitafute, maduka matatu hadi nikapata, na hiyo nitairudia hapo chini kwa malalamiko yangu.

Waya nazo alikataa zile nilikuwa nazo. Kuna kitu watu wengi huchanganya, namba ya AWG, kipimo cha unene wa waya, ikiwa ndogo ndio waya ni nene. Mimi nilikuwa na 18 nikidhani ni kubwa kuliko 14. Aliweka ya 14, ile ya silikoni. Ukiikata unaona ndani ni nyuzi nyingi sana nyembamba kama nywele, inakunjika bila kuleta ubishi, na ganda lake halikimbii ukileta pasi karibu. Zile za plastiki ya kawaida ganda linarudi nyuma lenyewe unabaki na shaba uchi sentimita nzima. Akaniambia pia nisirefushe waya bure, ziwe fupi kadiri inavyowezekana lakini zisiwe zimekazwa, mota iweze kusogezwa ukibadilisha gia ndogo bila kukata chochote.

Hapa kwa betri ndipo nilimpenda huyu mama. Kijana wangu alikuwa na hamu ya kusaidia, akachukua playa ya kukata akaziweka waya mbili za betri pamoja, nyekundu na nyeusi, akataka kuzikata mara moja. Auntie alishika mkono wake haraka lakini bila kelele. "Mwanangu, hii haizimwi. Haina swichi. Ukikata zote mbili playa yako ndio inakuwa waya." Akamweleza chuma cha playa kingegusa pande zote mbili kwa wakati mmoja na cheche yake ingemla macho. Kwa betri unakata waya moja, unaisolda, unaifunika kabisa, ndio unaenda kwa ya pili. Na upande wa betri unapewa ile plagi yenye vyuma vimejificha ndani ya plastiki, isije ikaguswa na funguo ama screw ndani ya begi. Kijana hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, lakini nyumbani usiku alinieleza hiyo maneno yote tena kama alivyoambiwa, na nikajua imeingia.

Kusolda kwenyewe nataka nikuelezee vizuri kwa sababu nimeona zile video fupi na hazisemi hii. Kitu ya kwanza, ule mpira mwembamba unaojibana ukiupasha, unauvisha kwa waya KABLA ya kusolda na unausukuma mbali kabisa na joto. Ukisahau itabidi ufungue kazi yote. Yeye huuvisha kisha anaushikisha na kibanio kidogo mwisho wa waya ndio usiteleze. Alafu anapaka flaksi kidogo, ile dawa ya kusaidia solda ishike, kwa waya, anaipasha na pasi, anaacha solda inywewe na nyuzi hadi waya yote inang'aa. Kikombe cha plagi nacho anakijaza nusu. Anakutanisha hivyo viwili, pasi inakaa sekunde tatu nne, solda ya pande zote mbili inayeyuka inakuwa moja, anatoa pasi lakini mkono wa waya hautingishiki hadi igande. Ikitingishika kabla haijaganda inakuwa na rangi ya kijivu yenye chenga chenga, na hiyo ni solda baridi, inashika kwa macho tu, siku ya matope inaachia.

Na kitu sikuwa nimewahi kuona, wakati anasolda plagi moja ameichomeka na mwenzake. Kwa sababu plastiki ikipata joto vile vyuma vinaweza kusogea vikapinda, ikiwa imechomekwa mwenzake inavishika mahali pake. Kitu ndogo hivyo. Solda anayotumia ni ile ya 63/37 yenye inayeyuka kwa digrii 183 na inaganda mara moja bila kupita kwa hali ya uji uji, pasi yake ni wati 60 na ncha pana, alisema pasi dogo la wati 25 kwa waya ya 14 ni kujitesa, unakaa hapo dakika nzima unachoma ganda na plagi na solda bado haijashika. Flaksi yake ni ya rosini. Ile ya mafundi wa mabomba ina asidi, inabaki inakula shaba polepole, miezi michache baadaye waya inakatika ndani ya mpira na huoni kitu kwa nje.

Stima ilipotea katikati, jengo zima, tukakaa kwa ngazi kama dakika 40. Hapo ndio nilimpigia simu ya video binamu yangu anaishi Uingereza, yeye mchezo wake ni airsoft, zile bunduki za mchezo zinazorusha vijipira vya plastiki kwa mota na betri. Nikamwonyesha ile waya iliyotafunwa. Akasema hiyo anaijua sana, zile bunduki zao zina gia ndani ya kasha la vipande viwili na waya zinapita kwa mfereji mwembamba pembeni ya gia, ukifunga kasha waya haijakaa kwa mfereji wake inabanwa ama gia inaisaga, na kwa hivyo yeye hafungi kasha kabla ya kuzungusha gia kwa mkono na kuangalia waya moja moja. Wao hawana nafasi ya waya ya 14, wanaenda na 16 ama 18. Na alibadilisha akaweka sakiti ndogo ya MOSFET, swichi ya kielektroniki isiyo na vyuma vya kugusana, kwa sababu akitumia LiPo ya volti 11.1 moto wote ulikuwa unapita kwa vyuma vya traiga, kila akifyatua kuna cheche, vikaungua vikawa vyeusi. Auntie alikuwa anasikiza akaingilia, akasema hata hii 1060 yako ndani ni MOSFET, ndio maana moto mkubwa haupiti kwa swichi. Wakaongea hao wawili hadi bando langu likaisha. Nilifurahi sana kuona hiyo, mtu wa Luthuli na mtu wa mbali huko wanaelewana bila shida juu ya waya.

Moto uliporudi akaingia kwa mota. Mota ya zamani ilikuwa na vile vidude vitatu vidogo vya rangi ya chai vimeandikwa 104, mota mpya ilikuja bila. Yule jamaa wa mtaani hakuziweka. Hizo ni kapasita za 0.1 µF, moja inawekwa kati ya vituo viwili vya mota, na mbili zingine kila moja kutoka kituo chake hadi kwa mwili wa mota, kazi yake ni kunyamazisha zile kelele za umeme zinazotoka kwa brashi. Bila hizo kelele zinaingia kwa risiva na usukani unatetemeka, na hiyo ndio ilikuwa shida yetu ile siku, nami nilikuwa nimelaumu sevo, ile mota ndogo ya usukani, nilikuwa hata nimeshaulizia bei ya sevo mpya! Alikwaruza mwili wa mota na msasa kwanza kwa sababu solda haishiki kwa rangi. Nikamuuliza kuhusu dayodi ya Schottky, kidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu, niliskia watu huweka, akasema hapana, hiyo ni ya kontrola zisizo na rivasi, gari ikirudi nyuma dayodi inakuwa shoti na inaweza kuua kontrola.

Kingine muhimu hapa. Ukimaliza ukapata gari inaenda nyuma ukibonyeza mbele, unageuza waya mbili za MOTA. Usiguse za betri. Kontrola ikipewa betri kinyume inakufa papo hapo, na hakuna wa kukurudishia pesa.

Kupanga waya ndani ya chesisi kulimchukua muda tena. Kila waya mbali na gia kubwa na mbali na shafti, akafunga na tai za plastiki bila kuzikaza sana, pale waya inapita ukingo wa chuma akaivisha kipande cha mpira, na gia ndogo akaipima na kikaratasi kati yake na gia kubwa ndio zisiwe zimebanana. Baada ya kufunga kifuniko akazungusha magurudumu kwa mkono, sikio karibu na gari. Akafungua tena kusogeza waya moja nusu sentimita. Mimi sikuskia chochote, yeye aliskia.

Kwa kontrola kuna vile vijampa viwili vidogo, kimoja kinachagua aina ya betri na kingine kinachagua kama gari iwe na rivasi. Kile cha betri kilikuwa kimeachwa kwa NiMH, siku zote hizo! Kwa hivyo kontrola ilikuwa haijui inatumia LiPo, haingekata moto kwa wakati unaofaa na ningeimaliza betri hadi ife. Kama uko na hiyo kontrola inuka saa hii uangalie, mimi nakungoja.

Kujaribu nako, hachomeki betri tu hivi hivi. Ako na waya yake yenye balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, imeunganishwa katikati ya waya nyekundu. Betri inapita kwa balbu kwanza. Ikiwaka ya kukaa, kuna shoti mahali, chomoa. Yetu ilimeremeta mara moja ikazima, akasema hiyo ni kapasita za kontrola zinajaa, mambo sawa. Ndio akatoa balbu, akainua gari magurudumu hewani, rimoti ikawashwa kwanza na gari ya mwisho. Kuzima ni kinyume, gari kwanza alafu rimoti, isije ikakimbia yenyewe kwa kukosa mwenye kuisimamia.

Malalamiko sasa, kwa sababu yapo. Muda, huyu mtu hawezi kukupa saa. Aliniambia saa tano asubuhi tutakuwa tumemaliza na tulitoka pale saa kumi na mbili jioni. Stima ilichangia lakini pia kila dakika kumi mtu anaingia na amplifaya ama inveta anamuuliza swali na yeye anajibu wote. Spea hana za kutosha, plagi na hata waya ya 14 nilinunua nje mwenyewe, ningependa aweke hata pea tano tano kwa droo. Risiti hakuna, ni M-Pesa tu. Viti ni kimoja na anakikalia yeye. Na ile mipira ya joto anaibana kwa kiberiti cha gesi, sehemu moja iliungua ikawa na masizi, kwa mtu wa kiwango chake nilitarajia ile hita ya kupuliza.

Na kuna kitu kilitoka. Wiki ya pili waya ya swichi ilichomoka kwa sababu hakuifunga na tai, ilikuwa inaning'inia ikashikwa na kichaka. Nilirudi nikamwonyesha, hakubishana, akasema "hapo nilikosa bosi," akaisolda akaifunga bila kunitoza hata bob. Nimezoea mafundi wa kusema ni wewe uliivuta. Kwa hiyo tu nampa alama nyingi.

Bei, kazi alinitoza 1,500, na vitu nilivyonunua nje vikafika kama 800. Ukilinganisha na mota na kontrola na betri zenye zingekufa, kwangu hiyo ni sawa kabisa, lakini najua kuna mtu atasema ni ghali na namwelewa, dakika 20 za mtaani nililipa 300.

Saa hii ni wiki ya nne. Tumeikimbiza kwa maramu, kwa nyasi ndefu, mara moja kwa matope baada ya mvua. Kila baada ya dakika kumi na tano nasimamisha nagusa plagi na waya kwa kidole, zina uvuguvugu tu, mota ndio inapata joto la kweli na hiyo ni kawaida yake. Usukani umetulia. Kijana naye amenunuliwa na mamake pasi ya solda, anafanya mazoezi na vipande vya waya vilivyobaki, zile za kwanza zilikuwa za kijivu zenye chenga, Jumamosi iliyopita akaniletea moja inang'aa pande zote akasema, "Anko, vuta." Nikavuta na nguvu zangu zote haikuachia. Anataka nimrudishe kwa auntie aione.

Ukienda, beba betri, beba XT60 zako na mita moja ya waya ya 14 nyekundu na moja nyeusi, na usiende Jumamosi. Jumanne na Alhamisi asubuhi kabla ya saa nne ndio unampata peke yake.